Ukurasa wa 34 kwenye kioo

"Fungueni vitabu, ukurasa wa thelathini na nne." Mwalimu akishatamka hivyo, madawati yote yanaanza kulia. Kwenye dawati la watoto watatu wenye kitabu kimoja, wa katikati ndiye mwenye bahati. Wa kushoto anasoma kwa kupinda shingo, na wa kulia anasubiri asimuliwe. Akitaka kurudi kwenye picha ya ukurasa uliopita, inabidi aombe, na mara nyingi haombi. Nimekaa nyuma ya darasa la namna hiyo mara kadhaa, kama mzazi na kama mjumbe wa kamati ya shule, na kila mara linanijia wazo lilelile linalowajia wazazi wengi: kwa nini kila mtoto asipewe kishikwambi chenye vitabu vyote ndani, shida hii ikaisha?

Wazo hilo lina nguvu. Kifaa chenye uzito usiofika nusu kilo kinabeba vitabu vingi kuliko kabati la ofisi ya walimu. Kosa likigundulika kwenye kitabu cha Hisabati, toleo lililosahihishwa linaweza kuingia kwenye vifaa vya nchi nzima ndani ya wiki, bila lori kupakia maboksi Dar es Salaam na kuyashusha Sumbawanga. Ila tunapobishana kuhusu jambo hili, tunafunga furushi moja lenye vitu visivyofanana: kioo, maandishi yaliyomo, umeme, haki ya kumiliki kitabu, na mwalimu anayesimama mbele ya darasa. Ukilifungua furushi na kutazama kitu kimoja kimoja, unaona jambo ambalo limenichukua muda kulielewa. Vifaa hivi ni maktaba nzuri sana, lakini ukiviweka mahali pa kitabu cha darasani vinapwaya.

Walimu wetu wana maneno mawili yanayosaidia hapa: kiada na ziada. Kitabu cha kiada ndicho kinachofuata muhtasari wa somo. Darasa zima linakifungua kwa pamoja, siku baada ya siku, mwaka mzima. Cha ziada ni hadithi, kamusi, kitabu cha wanyama au cha wasifu wa watu mashuhuri. Mtoto anakisoma peke yake, kwa mwendo wake, akikipenda. Hesabu ya uchapaji inavitenganisha zaidi. Kiada ni vichwa vichache, yaani vitabu tofauti vichache, na nakala nyingi mno. Ukichapa nakala laki tano za kitabu kimoja, gharama ya kuandika, kuhariri, kuchora na kutengeneza sahani za kuchapia inagawanyika kwa laki tano, na kila nakala inatoka kwa bei nafuu. Ziada ni kinyume chake: vichwa vingi, nakala chache, kila nakala ghali. Shule ya kata ikitaka vichwa mia tano tofauti vya ziada kwa karatasi, haitavipata kamwe. Kwenye kifaa cha kielektroniki, ukishakilipia, kitabu cha mia tano hakiongezi uzito hata gramu moja, na kama kimetolewa bure hakiongezi hata senti. Yaani kifaa kinaokoa fedha palepale ambapo karatasi inashindwa, na hakiokoi nyingi pale ambapo karatasi tayari ni rahisi.

Tukitazame kioo chenyewe, kwa sababu tunaposema "kifaa cha kusomea" tunachanganya vitu viwili. Kimoja ni kile cha wino wa kielektroniki, kama Kindle ya kawaida ya kampuni ya Amazon, teknolojia iliyozaliwa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990. Ndani ya kioo chake kuna vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kikiwa na chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji zinazopingana. Umeme ukipitishwa, chembe nyeusi zinapanda juu hapa na kuzama pale, na herufi inajichora. Umeme ukikatwa, chembe zinabaki zilipo. Ndiyo maana kioo hicho karibu hakili chaji wakati unasoma. Kinakula unapofungua ukurasa mwingine. Kikichajiwa mara moja kinaweza kwenda wiki kadhaa, na kwa kuwa kinaakisi mwanga wa nje kama karatasi, kinasomeka chini ya mwembe saa saba mchana bila taabu. Udhaifu wake ni kwamba vya bei ya chini havina rangi na vinabadilisha kurasa polepole. Mchoro wa moyo wenye mishipa myekundu na ya bluu unageuka kijivu, na ramani ya mvua inapoteza maana yake.

Cha pili ni kishikwambi chenyewe, ndugu wa simu. Mwanga unatoka ndani ya kioo, rangi zimo, video zimo, sauti imo. Ukitoka nacho juani unaona uso wako kuliko maandishi, na chaji yake inahesabiwa kwa saa. Halafu mtoto aliyefunguliwa Jiografia yuko vidole viwili tu kutoka kwenye mchezo wa magari.

Sasa turudi kwenye ukurasa wa 34. Kwenye vifaa vya wino wa kielektroniki msomaji anaweza kukuza herufi, na akizikuza maandishi yote yanahama. Ukurasa ambao kwa mtoto mmoja ni wa 34, kwa jirani yake aliyekuza herufi umeshafika wa 60. Ili kukwepa hilo, mara nyingi kitabu kinawekwa kama kilivyochapwa, ukurasa mzima ukiwa kama picha. Ukurasa uliopangwa kwa kitabu kikubwa cha shule unabanwa kwenye kioo cha inchi sita, na mtoto anausukuma kwa kidole kushoto na kulia ili aone mwisho wa kila mstari. Kitabu cha kiada hakisomwi kwa kunyooka kama hadithi. Mtoto yuko kwenye zoezi, anarudi kwenye mfano, anaruka kwenye jedwali, anarudi kwenye zoezi, kidole cha shahada kikiwa kimebanwa katikati ya kurasa ili asipoteze mahali. Kidole hicho kilichobanwa ni teknolojia pia, na kwenye kioo bado sijaona kinachokikaribia.

Utafiti unaelekea huko huko. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walikusanya tafiti 54 zilizolinganisha kusoma kwenye karatasi na kusoma kwenye kioo, zenye washiriki zaidi ya 170,000. Waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi, hasa pale maandishi yalipokuwa ya maelezo na muda ulipokuwa wa kubana. Kwa hadithi, tofauti haikuonekana. Na wale waliotarajia kwamba kizazi kilichokua na simu kingeipunguza tofauti hiyo hawakupata walichotarajia: katika tafiti za miaka ya karibuni pengo lilikuwa kubwa zaidi kuliko katika zile za zamani. Maandishi ya maelezo, yanayosomwa kwa muda wa kubana, ndiyo kitabu cha kiada na mtihani wake. Hadithi ndiyo ziada. Mstari uleule unajichora tena.

Umeme ndio unaotajwa kwanza kila mkutano wa wazazi, na nadhani tunautaja vibaya. Tufanye hesabu. Betri ya kishikwambi cha kawaida inabeba kama watt-saa 25. Vishikwambi 45 vya darasa moja ni kama watt-saa 1,125, yaani uniti moja na kitu ya LUKU. Hata ukiongeza umeme unaopotea njiani, kuchaji darasa zima hakufiki uniti mbili. Bili haitaifilisi shule. Kinachoshinda ni kwamba ofisi ina soketi mbili, chaja ziko 45, kila kifaa kinahitaji saa tatu au nne, na mtu mmoja anatakiwa abaki kuzichomoa na kuzichomeka. Umeme ukikatika usiku, asubuhi nusu ya darasa ina vioo vyeusi. Shule yenye sola ina shida ileile kwa sura nyingine, kwa kuwa saa za jua ndizo saa za masomo. Vifaa vinavyochajiwa mchana havisomewi mchana. Mradi unaoorodhesha vishikwambi bila kuorodhesha kabati la kuchajia na saa za mtu wa kulisimamia umehesabu nusu tu.

Na vinavunjika. Nchini Ghana shirika la Worldreader, lililoanzishwa mwaka 2010, liligawa Kindle kwa mamia ya wanafunzi katika mradi wake wa mwanzo. Karibu vifaa vinne katika kila kumi viliharibika. Wizi ulioogopwa sana haukuwa tatizo kubwa, kwa sababu jamii ilivilinda. Kioo kilipasuka kwa kukaliwa, kwa kudondoka, kwa kubanwa ndani ya begi pamoja na vitu vingine, mambo ambayo kitabu cha karatasi kinayavumilia miaka minne mfululizo. Baadaye walitafuta vifaa imara zaidi na mifuko ya kuvikinga. Lakini somo linabaki: kitabu kikichanika mtoto anapoteza ukurasa mmoja, kishikwambi kikipasuka anapoteza masomo yote kwa mpigo.

Hofu ya kuharibika inazaa jambo baya kuliko kuharibika. Katika shule moja niliyotembelea, vishikwambi vilikuwa ofisini nyuma ya mlango wa nondo, vingine bado vimo kwenye maboksi yake, nailoni ya kioo haijabanduliwa. Nikamuuliza mwalimu mkuu kwa nini havitoki. Akanijibu bila kuinua sauti: "Mzazi wangu, kikipotea kimoja nitakilipa kwa mshahara upi?" Sikuwa na la kumwambia. Alikuwa amesaini kuvipokea kwa jina lake, na hakuna aliyemwandikia nani atabeba hasara. Si tabia ya vishikwambi peke yake. Nchini Sierra Leone watafiti walikuta vitabu vya karatasi, vilivyogawiwa bure, vimehifadhiwa kwenye makabati kwa sababu walimu wakuu hawakujua kama mwaka ujao vingeletwa vingine. Mtu asiye na hakika na kesho anaweka akiba. Kwa kifaa cha bei ya juu, akiba hiyo inakuwa kali zaidi.

Kenya imelipitia jambo hili la vishikwambi shuleni kwa ukubwa kuliko jirani yeyote. Mwaka 2013 serikali ya muungano wa Jubilee iliingia madarakani na ahadi ya kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilifutwa baada ya mabishano, na mradi ulipoanza mwaka 2016 ulikuwa umegeuka kuwa wa vishikwambi, vilivyopakiwa masomo ya madarasa ya chini. Vifaa zaidi ya milioni moja viligawiwa katika shule za msingi za umma. Mradi huo ulivuta nguzo za umeme hadi shule ambazo zingesubiri miaka mingi, na hilo ni tunda la kweli. Vitabu vya karatasi havikuondoka, na mwaka 2018 serikali hiyohiyo ilianza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni ili kila mwanafunzi awe na chake.

Kabla ya hapo, huko Kisumu, lilifanyika jaribio ambalo ningependa kila mtu anayepanga bajeti ya elimu alijue. Mtafiti Benjamin Piper na wenzake walichukua mpango mmoja wa kufundisha kusoma, wenye vitabu, mwongozo wa mwalimu na mafunzo, wakauongezea vifaa kwa njia tatu. Shule nyingine wanafunzi wenyewe walipewa vifaa vya kusomea. Nyingine walimu ndio waliopewa vishikwambi. Kwingine aliyepewa kishikwambi ni ofisa anayezunguka kuwatembelea walimu na kuwaelekeza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Makundi yote matatu yalisoma vizuri kuliko shule ambazo hazikupata chochote, lakini hayakutofautiana sana yenyewe kwa yenyewe, wala hayakuupita kwa kiasi cha kutosha mpango uleule usio na vifaa. Kifaa kwa kila mwanafunzi ndiyo njia ghali kuliko zote. Ukigawanya matokeo kwa shilingi, vitabu vya karatasi na mwalimu aliyefundwa vilishinda. Mpango wa kitaifa wa Tusome, ulioanza mwaka 2015, ulikwenda na hesabu hiyo: kitabu cha karatasi kwa kila mtoto, na kishikwambi kwa ofisa anayemtembelea mwalimu darasani.

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza karatasi au kioo, nikaanza kuuliza kilichoandikwa ndani kinasomwa na nani. Busia, magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 1996, shule kadhaa zilipewa vitabu vya kiada na nyingine zikasubiri, ili ipimwe tofauti. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasa. Sababu waliyoieleza watafiti, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, ni ya lugha na kiwango. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa pale ni lugha ya tatu, na viliandikwa kwa mwanafunzi aliyekwisha kufika mbele. Mtoto asiyeelewa Kiingereza cha kitabu hatakielewa kikiwaka taa. Nimeona vishikwambi vya msaada vimejazwa hadithi za watoto wa Marekani wanaocheza kwenye theluji. Vichwa ni vingi, hesabu inapendeza kwenye ripoti, na mtoto wa darasa la tatu anavipitia picha kwa picha bila neno kumwingia.

Mfano wa upande wa pili tunao nyumbani, Tanga. Kati ya 2017 na 2019 shindano la kimataifa la XPRIZE lilipeleka vishikwambi vilivyotolewa na Google katika vijiji kama 170, kwa watoto karibu 2,700 ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuingia darasani. Kila kijiji kilikuwa na kituo cha kuchajia kwa sola. Programu zilifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mwanzoni zaidi ya tisa katika kila watoto kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili zilizotengeneza programu hizo, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Kifaa pale hakikupokonya nafasi ya kitabu wala ya mwalimu, kwa sababu vyote viwili havikuwepo, na kilizungumza lugha anayoamkia mtoto. Anayelitumia jaribio la Tanga kutetea kuondoa vitabu katika darasa lenye mwalimu analipeleka mahali ambapo halikufika.

Suala la umiliki linasahaulika kwa kuwa halionekani. Kitabu cha karatasi ukishakinunua ni chako: kinavalishwa jalada la kaki, kinamaliza mwaka, kinarithiwa na mdogo wake, kinaishia kwa muuza vitabu vya mtumba barabarani na kuanza maisha mengine. Kitabu cha kielektroniki mara nyingi hununuliwi, unapewa ruhusa ya kukisoma. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kutoka mbali vitabu viwili vya George Orwell kwenye Kindle za wateja waliokuwa wamevilipia, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Walirudishiwa fedha, lakini kitabu kilikuwa kimetoka nyumbani kwao bila hodi. Shule inayosaini mkataba wa vitabu vya kielektroniki iangalie kwanza muda wa leseni, na nini kinabaki kwenye kioo siku leseni inapoisha. Njia salama zaidi ni vitabu vya leseni huria. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na yeyote anaruhusiwa kuzipakua, kuzitafsiri na hata kuzichapa. Kwa upande wa kiada, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na mwalimu aliyekosa nakala anaweza kuvisoma humo.

Nchi tajiri nazo zimekuwa zikirudi nyuma. Sweden, iliyokwenda mbele sana na vioo, mwaka 2023 ilitenga krona milioni 685 kununua vitabu vya karatasi. Korea Kusini ilianza vitabu vya kiada vya akili unde (AI) Machi 2025, na Agosti mwaka huohuo bunge likavivua hadhi ya kiada na kuviacha kuwa nyenzo za ziada. Neno walilofikia ni lile lile la walimu wetu.

Kwa hiyo mimi, kwenye kamati, napiga kura hivi: kitabu cha karatasi cha kiada kwa kila mtoto kwanza, watatu kwenye kitabu kimoja ni aibu ambayo fedha ya kishikwambi haipaswi kuifunika. Kishikwambi kwa mwalimu, naam. Serikali ilipogawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022, nilifurahi, kwa sababu mwalimu mmoja akiwa na vitabu, video na mwongozo mfukoni, watoto 60 wanafaidi. Kisha sanduku moja la vifaa vya wino wa kielektroniki, ishirini au thelathini, liwe maktaba inayozunguka darasa hadi darasa, limejaa hadithi za Kiswahili, na liandikwe kwenye muhtasari wa kikao kwamba kikipasuka kimoja mwalimu hatakatwa mshahara.

Na kuna watoto ambao kwao mpangilio huo unageuka, kifaa kinakuja kwanza. Asiyeona kabisa, ambaye kitabu kimoja cha kiada kikiwekwa kwa nukta nundu kinakuwa majuzuu kadhaa makubwa yasiyobebeka, anaweza kusomewa kwa sauti na kifaa. Mwenye ualbino, ambaye uoni wake ni hafifu na mwanga mkali unamuumiza, anaweza kukuza herufi hadi zimtoshe, kwenye kioo kisichomulika macho.

Namfahamu binti wa darasa la tano wa namna hiyo. Zamani alikaa dawati la mbele kabisa, kofia kichwani, pua ikigusa karatasi, na wenzake wawili hawakuona kitu kwa sababu kichwa chake kilifunika kitabu chote. Mjomba wake alimletea kifaa cha wino wa kielektroniki kilichokwishatumika. Alipokuza herufi kwa kipimo chake, ukurasa mmoja wa kitabu ukawa vioo saba au nane, na namba za mwalimu zikamwacha njiani. Mwalimu wake aliliona hilo siku ya pili tu. Tangu hapo hasemi tena ukurasa wa ngapi peke yake. Anasema, "Ukurasa wa thelathini na nne, penye kichwa cha Mzunguko wa Maji," kisha anangoja kidogo, hadi mkono wa yule binti unyooke kwamba amefika.